Kiboko Mbeba Maneno ya Mke na Mume

Hodi, nimekuja na hadithi.

— Iingize ndani.

Imelowa, imetoka mtoni.

— Ianike hapa katikati yetu.

Haya basi. Palikuwa na digidigi wawili, mke na mume. Mke akiitwa Mashavu, mume akiitwa Kombo. Digidigi mnamjua: ni yule mnyama wa jamii ya paa, mdogo kabisa, miguu kama njiti, macho makubwa, pua inachezacheza muda wote. Akisimama kwenye majani, majani yanamzidi kimo. Nao wana desturi yao: wakioana, wameoana. Akila huyu, yule anatega masikio. Akisinzia yule, huyu yuko macho.

Mashavu na Kombo walikaa kwenye kichaka kando ya mto Mngurumo. Ng'ambo ya mto kulikuwa na udongo wa chumvi, na mara mojamoja Kombo alivuka kwenda kuuramba. Wakati wa kiangazi mto ule ulikuwa mwembamba. Unaruka jiwe hili, unaruka jiwe lile, umefika.

Asubuhi moja Mashavu aliamka na jambo moyoni. Alikuwa na mimba, mimba yake ya kwanza, na aliyejua ni yeye tu. Alitaka kulisema vizuri. Akaanzia mbali, kama tunavyofanya sote tukiwa na neno zito.

"Kombo, hukioni hiki kichaka chetu kimekuwa kidogo?"

"Ndiyo," alisema Kombo, macho yake yakiwa ng'ambo.

"Naona tutahitaji kikubwa zaidi."

"Ndiyo."

"Maana siku hizi, unajua, mimi..."

"Ndiyo, ndiyo. Ngoja nikarambe chumvi kabla jua halijachoma. Tutazungumza nikirudi."

Akaruka jiwe hili, tifu. Akaruka jiwe lile, tifu. Akafika ng'ambo. Mashavu akabaki na neno lake kinywani. Masikio ya Kombo yalikuwepo pale, makubwa, yamesimama wima, lakini mwenyewe hakuwepo. Mashavu akaumia, akaingia kichakani, akalala kifudifudi.

Kumbe milimani mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Jua halijafika utosini, mto ukaja. Vuuu! Maji ya udongo, magogo, majani, mapovu. Jiwe hili likazama. Jiwe lile likazama. Na huku nako mvua ikaanza. Mashavu alipotoka mbio kichakani, Kombo alikuwa amesimama ng'ambo, na kati yao hapakuwa tena na njia.

"Kombooo!"

Mto ukanguruma ngu-ngu-ngu, ukaimeza sauti. Kombo naye akafungua mdomo. Mashavu aliuona mdomo ukifunguka, akauona ukifungwa, lakini neno halikufika. Wakaita mpaka makoo yakakauka, kila mmoja akitazama mdomo wa mwenzake kama anayetazama mlango uliofungwa.

Hapo ndipo Kiboko alipoibuka, pwaaa, maji yakimchuruzika mgongoni. Kiboko alikuwa na mdomo mpana kama mlango wa zizi na masikio madogo kama vikonyo vya papai. Sauti yake ndiyo pekee iliyoushinda ule mto.

"Shemeji Mashavu," alisema, "nakuona unateseka. Mimi navuka mto huu asubuhi na jioni. Nipe maneno yako nimpelekee Kombo."

"Mungu akubariki, shemeji."

"Ila kuna kitu. Maneno matupu yananikwama kooni. Sharti yalainishwe. Hayo makuyu yaliyoanguka chini ya mti wako, nikusanyie furushi."

Mashavu akakusanya makuyu, akayafunga kwenye majani mapana. "Mwambie niko salama," alisema. "Mwambie namngoja."

Kiboko akala makuyu, nyafu nyafu. Akavuka mto, chubwi chubwi. Akamkuta Kombo, akamfikishia ujumbe kama ulivyotumwa. Kombo akafurahi, akamkusanyia furushi la matunda ya kunazi. Kiboko akala kunazi, nyafu nyafu. Akavuka mto, chubwi chubwi. "Anasema naye yu salama," alisema. "Anasema tusubiri, maji yatashuka."

Mashavu akatua moyo. Kesho yake Kiboko alipopita, hakuwa na la kumtuma. Kombo naye hakuwa nalo. Walikuwa wameelewana, watumane nini tena?

Kiboko akazama mpaka chini kabisa kwenye matope, akawaza. Tumbo lake likasema kuru-kuru. "Wakielewana, mimi sili," alijiambia. "Wasipoelewana, ninakula pande zote mbili."

Akaibuka upande wa Mashavu. "Shemeji, nisingependa kukwambia. Mumeo anasema huko kwake raha tupu. Chumvi tele. Anasema hana haraka ya kurudi."

Moyo wa Mashavu ukaanguka. Akakusanya makuyu, furushi kubwa kuliko la kwanza. "Mwambie nimeumia. Muulize nimemkosea nini."

Kiboko akala makuyu, nyafu nyafu. Akavuka mto, chubwi chubwi. "Kombo," alisema, "mkeo anasema tangu ulipoondoka amepumua. Anasema hukuwa na faida yoyote."

Kombo akakusanya kunazi mpaka pua ikachubuka kwa miiba. "Mwambie anisamehe," alisema. "Lolote nililofanya, anisamehe."

Kiboko akala kunazi, nyafu nyafu. Akavuka mto, chubwi chubwi. "Shemeji, anasema unaongea sana. Anasema masikio yake sasa yamepumzika."

Neno hili lilimchoma Mashavu kuliko yote, kwa sababu lilifanana na ile asubuhi. Aliona kabisa kwamba linaweza kuwa kweli. Akatuma tena kuuliza, kwa furushi kubwa zaidi. Likarudi jibu baya zaidi. Ikawa hivyo kila siku: Mashavu akikusanya, Kiboko akila, Mashavu akilia. Makuyu mazuri yote yalikwenda kwenye ule mdomo mpana, yeye akabaki na majani makavu. Mbavu zikaanza kuonekana. Akawa akijilaza anasikia kile kilicho tumboni mwake kikipapatika kidogo, kama kinauliza chakula kiko wapi.

Siku moja Kiboko akaja na jibu hili: "Anasema hataki hata kukuona."

Mashavu aliinua macho akatazama ng'ambo. Mvua ilikuwa inanyesha, ile mvua ya kuchomachoma. Na pale ukingoni, mahali peupe pasipo na mti, Kombo alikuwa amesimama. Maji yanamtiririka puani. Uso wake umeelekea huku, masikio yake yameelekea huku, na kile kishungi cha nywele utosini mwake kimesimama, kama kilivyosimama siku ile alipokuja kumposa.

Mashavu akawaza: asiyetaka kuniona ananyeshewa hapo kwa ajili ya nini?

Kiboko alipoondoka, akajaribu. Akatembea hatua chache kuelekea juu ya mto. Kombo naye akatembea kuelekea juu ya mto. Akarudi. Kombo naye akarudi. Akainua mguu wa mbele. Kombo akainua mguu wa mbele. Akainamisha kichwa mpaka pua ikagusa udongo, na kule ng'ambo, mbali, mdogo kama kunguni, Kombo akainamisha kichwa mpaka pua yake ikagusa udongo.

Mashavu akakaa chini akalia, lakini kilio hiki kilikuwa kingine. Maneno yanasema hanitaki. Mwili unasema ananitaka. Mwili umekuja wenyewe, nimeuona kwa macho yangu. Na maneno je? Maneno yamepita mdomoni mwa nani?

Akafuta machozi kwa goti. Kiboko aliporudi jioni, akamkaribisha vizuri.

"Shemeji, Kombo alipokuwa anasema yale maneno, alikuwa amekaaje?"

"Amekaaje tena?"

"Ndiyo. Sauti yake ilikuwaje? Macho yake alikuwa ameyaelekeza wapi? Neno bila uso silielewi vizuri."

Kiboko akatafutatafuta. "Alikuwa amejilaza chini ya mti mkubwa," alisema, "anatafuna, anacheka, kakupa mgongo."

"Aha," alisema Mashavu. "Ahsante, shemeji. Sasa nimeelewa."

Na kweli alikuwa ameelewa. Mti haukuwepo pale, na mgongo hakupewa. Akajua sasa mgonjwa ni nani kati ya watu watatu. Lakini angefanya nini? Kiboko ni mlima, yeye ni kijiti. Akimtukana, mto utabaki bila mvukaji, na jambo lake la moyoni halikuwa la kusemwa kwa kuinua mguu. Akalala akiwaza Kiboko anapenda nini. Akaona: Kiboko hapendi ugomvi, wala hapendi amani. Kiboko anapenda makuyu.

Asubuhi akamwambia, "Shemeji, leo ujumbe wangu ni mfupi. Mwambie basi. Tumeachana. Asinitumie neno, nami simtumii neno."

"Sawa," alisema Kiboko. "Furushi liko wapi?"

"Furushi la nini? Tukishaachana kuna cha kubeba tena? Nakushukuru kwa taabu zako zote. Pumzika sasa."

Tumbo la Kiboko likasema kuru-kuru. Akavuka mto taratibu, chu...bwi, chu...bwi, kama aliyefiwa. Mashavu akapanda juu ya kichuguu atazame.

Akamwona Kiboko akiibuka ng'ambo. Akauona ule mdomo mpana ukifunguka na kufungwa. Halafu akamwona Kombo akiruka juu. Akaruka tena. Akazunguka mbio, akajikwaa, akainuka, kishungi kimesimama tii.

Mashavu akaficha pua kwenye majani akacheka. Alikuwa amejua itakuwa hivyo. Kiboko hakuthubutu kumwambia Kombo habari ya kuachana, kwa sababu walioachana hawatumani mafurushi. Ilibidi adanganye. Na uongo wa pekee uliobaki ulikuwa kusema kwamba Mashavu anampenda mumewe. Maskini Kiboko, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kwanza, alikuwa amefikisha kweli tupu bila kujua.

Akarudi mbio, chubwi chubwi chubwi. "Shemeji, usimwache. Kombo anakupenda. Anasema anaomba msamaha kwa ile asubuhi. Anasema ulikuwa unamwambia kitu, akawa anatazama chumvi. Kila siku anajiuliza kitu hicho kilikuwa nini."

Pua ya Mashavu ikaacha kuchezacheza. Maneno haya Kiboko asingeweza kuyatunga, maana ile asubuhi hakuwepo. Haya yalikuwa ya Kombo mwenyewe, yametoka mazima mazima. Akatamani kulia pale pale. Lakini akakaza uso ukawa kama jiwe.

"Siamini," alisema.

"Huamini nini, shemeji?"

"Jana hanitaki, leo ananitaka. Juzi naongea sana, leo anataka nilichokuwa nasema. Siamini mpaka nimwone akisema mwenyewe, nimtazame machoni. La sivyo, basi."

"Sasa mimi macho yake nitayabebaje?"

"Mbebe na mwenyewe. Mlete mgongoni mwako hadi hapa ukingoni. Wala asishuke, asije akapata kiburi. Aseme akiwa hukohuko juu, kisha umrudishe. Tukipatana, shemeji, tutakuwa na maneno mengi ya kutumiana. Mti umejaa yanayoiva, unauona mwenyewe."

Kiboko akautazama mkuyu. Akapiga hesabu yake: namleta, wanasema, namrudisha, nawachonganisha tena. "Asishuke kabisa," alisema.

"Hata ukwato mmoja."

Kiboko alipokwenda kumchukua, Mashavu akafanya kazi haraka. Akakisukuma kwa kichwa kigogo kilichotupwa na mafuriko, kizito kama digidigi mmoja aliyeshiba, akakiviringisha mpaka kwenye mwamba mdogo uliochomoza majini. Akakifunika kwa majani. Akakaa juu yake.

Chubwi, chubwi, chubwi. Kiboko akaja, na mgongoni mwake, amelowa, anatetemeka, Kombo. Kiboko akajisogeza hadi ubavu wake ukagusa mwamba. Mke na mume wakatazamana. Kombo akaziona mbavu za Mashavu, Mashavu akaiona pua ya Kombo ilivyochubuka.

"Haya semeni," alisema Kiboko.

"Shemeji," alisema Mashavu kwa adabu, "haya ni maneno ya mke na mume. Mtu wa tatu akiyasikia tutaona haya. Hebu zamisha kichwa kidogo tu. Mgongo uache juu. Tukimaliza nitakugonga."

Kiboko akafikiri. Maadamu uzito uko mgongoni, mali yake ipo. Akavuta pumzi, akazamisha kichwa, na masikio yake yakajifunga kama yafanyavyo majini.

"Kombo, ruka," alinong'ona Mashavu.

Safari hii Kombo alisikia. Akaruka, tifu. Papo hapo Mashavu akakisukuma kigogo, kikaviringika, kikakaa mahali alipokuwa mumewe. Akagonga mgongo kwa ukwato: ko, ko, ko. Kiboko akaibuka akipuliza maji. Shingo ya kiboko ni nene, haigeuki nyuma.

"Mmepatana?"

"Tumepatana, shemeji. Mrudishe taratibu, asianguke."

Kiboko akaondoka. Na wale wawili wakaingia kichakani, wakakaa pua kwa pua, wamelowa, wakisikilizana tu wanavyopumua.

"Ile asubuhi," alisema Kombo baadaye, "ulitaka kuniambia nini?"

Mashavu akamwambia. Hakuanzia mbali, alisema moja kwa moja. Kombo hakusema ndiyo. Aliyatega masikio yote mawili tumboni mwa mkewe akakaa hivyo, na Mashavu akajua kwamba neno limefika.

Wakiwa hapo, sauti ikawafikia kutoka mtoni. Ilikuwa sauti ya Kiboko, ile isiyozuiwa na maji. Alikuwa katikati ya mto, anazungumza na kigogo.

"Mbona kimya, shemeji? Mkeo amekufokea? Usijali." Chubwi. "Afadhali wewe una wa kukufokea." Chubwi. "Mimi nimebeba maneno ya watu siku zote hizi. Nakuletea wewe, nampelekea yeye. Hakuna aliyewahi kusema, haya, na Kiboko naye apelekewe neno." Chubwi. "Hata salamu. Wakiniona, wanasogea." Kigogo kikanyamaza. "Wewe unajua kusikiliza, shemeji. Sikuwahi kukujua hivyo."

Kombo alikuwa ameanza kucheka. Alimwona mkewe hacheki, naye akaacha.

Huko ng'ambo Kiboko akasema, "Haya, shuka," akajiinamisha. Bumbu. Kigogo kikaanguka kwenye matope. Kiboko akakitazama. Akakigeuza kwa pua. Walimwona amesimama pale muda mrefu, mkubwa, peke yake, mvua ikimpiga.

Kesho yake asubuhi alikuja. Alikuja chini kwa chini, macho tu na tundu za pua juu ya maji. Alipofika ukingoni akainuka mzima, akafungua mdomo mpaka meno yote yakaonekana. Kombo akasimama mbele ya mkewe. Mashavu akampita pembeni, akasogea hadi pale udongo unapokutana na maji.

"Shemeji," alisema, "kuna ujumbe wako."

Mdomo wa Kiboko ukabaki wazi. "Wangu?"

"Wako."

"Umetoka kwa nani?"

"Umetoka kwangu."

Kiboko akafunga mdomo polepole. "Unasemaje?"

"Unasema, umeamkaje."

Mto ukanguruma. Vile vikonyo vya masikio vikatikisika, kimoja, kisha cha pili. Kiboko akatazama juu ya mto, akatazama chini ya mto, hakujua aweke wapi macho yake.

"Na jibu," aliuliza, "jibu napeleka wapi?"

"Lilete hapahapa."

Kiboko alizoea kubeba maneno ya wengine, la kwake likawa gumu kutoka.

"Mwambie," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua anayo, "mwambie nimeamka salama."

Hakudai makuyu kwa jibu hilo. Alikaa pale kidogo, kisha akazama, na mapovu yakabaki juu ya maji.

Basi jamani, mafunzo ya hadithi hii mmeyaona wenyewe. Enyi wake na waume, msizungumze ana kwa ana, ni hatari, mtaelewana. Mwenzio akikusemesha, wewe tazama chumvi. Ukiwa na neno la moyoni, mtafutie mtu mwenye mdomo mkubwa na masikio madogo akubebee, na umlishe vizuri. Siri zako mwambie gogo. Na ukimkuta mtu mkubwa amekaa peke yake, usimsalimie, asije akakujibu.

Hadithi yangu imekauka sasa.

— Ikunje tuichukue.

Ikiwatosha, vaeni. Ikiwabana, mpeni jirani.

— Tumeipokea kwa mikono miwili.